Salamu za Shukrani kutoka kwa Familia Mbili za Njoro

Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha siku hii. Mahakama Kuu ya Nakuru imetoa hukumu katika kesi ya mauaji ya mama yetu na ya jirani yake, ambaye hapa kwetu wakubwa kwa wadogo tulimwita Gogo, yaani bibi. Asante tuliyowawekea tangu mazishi hatukutaka kuitoa nusu nusu kesi ikiwa bado inaendelea. Leo tunaitoa yote.

Wengi wenu mlisikia habari hii juu juu, na wengine mlisikia visivyo. Mama alikuwa mweka hazina wa chama cha kina mama, na jioni ile pesa za mzunguko zilikuwa nyumbani kwake. Kuna waliojua. Walivunja mlango usiku, Mama akapiga mayowe. Gogo, ambaye alikuwa ameshapita miaka 80, aliyasikia akaamka, akashika tochi na mkongojo wake, akapita kwenye upenyo wa ua wa michongoma ambao wao wawili waliupitia kuombana chumvi na maziwa tangu sisi tukiwa watoto. Walimuulia mlangoni kwa Mama. Walichoondoka nacho ni pesa za chama, simu za wazee wawili na mtungi wa gesi.

Liko jambo lililotulemea sisi wa nyumba ya Mama kuliko yote, na tunataka kulisema hadharani. Gogo alikufa kwa sababu alikuja kumwokoa mama yetu. Angejifungia ndani angekuwa hai. Asubuhi ile tulikuwa tumekaa chini kando ya zizi, hatujui tutawatazamaje watoto wake. Kifungua mimba wake akaja, akaketi palepale kwenye matope pamoja nasi, akasema, "Mama zetu wameondoka pamoja. Tutawazika siku moja." Tangu saa ile mpaka siku ya hukumu, hakuna hata mmoja wa nyumba ile aliyetuonyesha kinyongo. Ndugu zetu, shukrani ya kwanza ni yenu, na hata tukiirudia maisha yetu yote haitatosha. Mungu awakumbuke.

Mnajua tunaishi wapi. Njoro ilipitia ghasia za baada ya uchaguzi za 2008, na vidonda vingine havikupona. Kabla ya saa sita mchana tayari kulikuwa na maneno barabarani na jumbe kwenye simu kwamba kabila fulani limevamia kabila fulani, ilhali waliolala chini ni Mkikuyu mmoja na Mkipsigis mmoja. Vijana walianza kukusanyika njia panda. Ndipo wazee wa pande zote mbili walipokuja wakawasha moto langoni petu, wakakesha hapo usiku ule na uliofuata, na kila kijana aliyefika na hasira walimketisha, wakamweleza kilichotokea. Chifu na naibu wake waliitisha baraza na kusema bila kuficha kwamba huu ulikuwa wizi. Wazee wetu, mlizuia msiba wa pili. Sisi tulioona nyuso za wale vijana tunajua tunachosema.

Siku za kusubiri mazishi zilikuwa ndefu. Aliyeuawa hazikwi mpaka daktari wa serikali aufanyie mwili uchunguzi, na sisi tulikuwa na miili miwili. Kina mama wa Woman's Guild wa kanisa la Mama, PCEA, na wale wa AIC alikoabudu Gogo, waligawana zamu za jikoni katika nyumba zote mbili. Siku ya mazishi majeneza yaliwekwa bega kwa bega, nyimbo zikaimbwa kwa Kikuyu na kwa Kipsigis, kisha kila mmoja akalazwa katika shamba lake, upande huu na upande ule wa ua.

Chama cha Mama, hatukuwasahau. Pesa zilizoibwa zilikuwa zenu, za karo na za mbegu, na tulikuwa tumejipanga kuzilipa kidogo kidogo. Mlikuja mkasema tusizitaje tena. Kisha mkatuchangia juu yake.

Kesi nayo ilitufunza subira kwa nguvu. Washtakiwa hupimwa akili kwanza kabla ya kujibu mashtaka ya mauaji, halafu kuna maombi ya dhamana, kuna kutajwa kwa kesi, kuna kuahirishwa, na jaji akihamishwa mambo yanangoja mwingine aisome faili. Tulipanda matatu alfajiri kwenda mjini, tukakaa kwenye benchi, tukarudi bila shahidi hata mmoja kusikizwa. Waliokubali kusindikizana nasi siku kama hizo, zisizo na habari ya kusimulia, walitushika mkono kweli kweli.

Yuko binti mmoja ambaye hatutamtaja, kwa usalama wake. Alikuwa akilala jikoni kwa Mama na aliona sura. Alitishwa. Alipelekewa watu wa kumshawishi asahau. Alisimama mbele ya jaji, akaulizwa maswali na mawakili wa utetezi asubuhi nzima, na maneno yake hayakuyumba. Binti yetu, hili ni boma lako. Siku utakayoolewa utatokea hapa.

Kijana wa boda boda aliyepishana na watu wenye mtungi wa gesi kabla ya kupambazuka, akaenda mwenyewe kituoni kuandikisha taarifa: Mungu akubariki. Afisa mpelelezi alifuatilia simu ya Gogo mpaka ikawashwa na laini nyingine, na hakuwahi kutuomba hata pesa ya mafuta ya gari. Wakili wa serikali alitueleza kila hatua kwa Kiswahili tunachokielewa, hata kwamba tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2017 jaji halazimiki tena kutoa adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji, na kwamba sheria ya 2014 ya kuwalinda waathiriwa inatupa nafasi ya kusikizwa. Kitinda mimba wa Gogo ndiye aliyezungumza kwa niaba yetu sote. Hakuomba wanyongwe. Wamepewa vifungo virefu, wana haki ya kukata rufaa, nasi tumeridhika.

Kwa majirani tuna ombi moja. Mama wa mmoja wa waliohukumiwa anaishi karibu nasi. Hajatukosea. Tafadhali msimsumbue sokoni wala kisimani.

Tunawashukuru pia wachungaji wote, walimu na wanafunzi waliotuachia uwanja wa shule, kamati ya mazishi, kamati ya usalama ya Nyumba Kumi, wahudumu wa chumba cha maiti, wenye mahema na viti waliokataa malipo, waliochimba makaburi, waliokamua ng'ombe, wenye magari, wafanyakazi wenzetu wa Nakuru, Nairobi na Kericho, jamaa walio ng'ambo, kikundi cha WhatsApp, na waliotuma kidogo kwa simu bila kuandika jina.

Hapa tunaomba radhi kwa dhati. Daftari la michango lililoweshwa na mvua siku ya mazishi, kurasa kadhaa hazisomeki, na wako watu waliotoa cha mwisho walichokuwa nacho ambao majina yao hatuwezi kuyapata tena. Wako waliokuja tukawa hatuna hata nguvu za kuwaitikia salamu. Ukijiona hapa hukutajwa, usidhani tumekudharau. Tusamehe, utujulishe, nasi tutakuja kwako kwa miguu yetu.

Ibada ya shukrani itafanyika katika boma la Mama, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi. Msije na chochote. Safari hii tutapika sisi.

Ebenezeri.

Ni sisi, watoto, wajukuu na vitukuu wa nyumba zote mbili, Njoro.