Amenilipia hosteli, lakini amenivua kizibao mbele ya watu

Shikamoo Shangazi,

Ninakuandikia kabla ya alfajiri, wenzangu chumbani wamelala na mimi sijapata hata lepe la usingizi, kwa hiyo unisamehe nikirudia maneno.

Kwanza ninataka ieleweke kwamba sikuja chuoni kugombea nafasi ya mtu. Tangazo la majaribio ya netiboli lilibandikwa ubaoni na lilisema wazi kwamba hata wa mwaka wa kwanza wanakaribishwa, nami nikaenda kama walivyokwenda wengine. GA, mmoja wa wafungaji wawili wa timu, nimeicheza tangu shule ya msingi, nikaenda nayo UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, na baadaye UMISSETA ya sekondari hadi timu ya mkoa, na mwalimu wa michezo aliponiona nikifunga aliliandika jina langu bila kuombwa na yeyote. Anayesema nilibebwa hakuwapo uwanjani siku ile.

Sasa nahodha naye ni GA, na yuko mwaka wa tatu. Siku ya mechi ya kirafiki nilikuwa nimekwisha kuvaa kizibao chenye herufi zile, kwa maelekezo ya mwalimu mwenyewe ambaye alikuwa bado njiani, ndipo nahodha akanijia mbele ya timu nzima na wageni wetu akasema, "Vua hicho, mpe mwenyewe." Hakuninong'oneza wala hakunivuta pembeni. Nilivua, watu wakacheka, nikapewa WD, mlinzi wa pembeni. Wewe unajua kwamba WD haruhusiwi kukanyaga duara la kufungia, kazi yake ni kuzuia pembeni na kupandisha mpira; basi mtu aliyezoea kufunga unampeleka mahali ambapo sheria yenyewe inamkataza kufunga, kisha baada ya robo mbili unawaambia wenzake kwamba umeona, hana lolote. Kama ni haki, wafungaji katika netiboli ni wawili, tungeweza kucheza sote, yeye GA na mimi GS, na wala nisingelalamika. Lakini aliona ni bora anivue mbele ya watu.

Wengine wataniambia nimshitaki, ila huyu si mgeni kwangu. Ni dada wa mtaani kwetu, mama yake na mama yangu wako kikoba kimoja, na fedha za Bodi ya Mikopo zilipochelewa ndiye aliyenilipia hosteli, akanionyesha chuo kizima na kunitafutia hata ndoo. Pesa hiyo nimeanza kuirudisha, asije mtu akasema sina shukrani. Ninamheshimu na sitaki aondolewe unahodha. Pamoja na hayo, mtu anayeweza kumwambia mwenzake "mpe mwenyewe" mbele ya wageni, sioni anawezaje kuongoza wasichana wenzake.

Mimi netiboli si lazima, nimekuja kusoma, na mama kila akipiga simu ananikumbusha hivyo hivyo. Ningeweza kuacha kesho na nisiumie. Mazoezi huanza saa kumi na moja jioni, na saa kumi na nusu mimi huwa nimekwisha kufika, lakini hiyo ni kwa sababu kipindi changu huisha mapema.

Kinachoninyima usingizi hasa ni kwamba jana mwalimu aliniita akaniuliza kwa nini niliomba kuhamishiwa WD. Mimi sikuomba, Shangazi! Kumbe nahodha ndiye aliyemwambia hivyo. Nilibabaika nikamjibu kwamba nitamweleza Jumatatu, na Jumatatu hiyo ndiyo anayopanga majina ya wachezaji watakaokwenda mashindano ya vyuo vikuu ya TUSA. Nikisema kweli, dada ataonekana mwongo mbele ya mwalimu, habari itafika nyumbani, na mama zetu watakaa vipi kwenye kikao kimoja? Nikinyamaza, nitakuwa nimekubali kwamba nilijivua mwenyewe, wakati kila aliyekuwapo alisikia nilivyoambiwa. Je, nimjibu nini mwalimu?

Tafadhali usinishauri nikae na dada tuzungumze. Nilikwenda chumbani kwake, akanipikia chai, akaniuliza hali ya mama, na nilipoligusa jambo la kizibao akasema nivute subira amalize mwaka wake, halafu akabadilisha mazungumzo. Kama kusubiri ndiyo utaratibu wa timu, mwalimu ndiye aniambie, nami nitakaa benchi bila kinyongo. Simu yangu itakuwa hewani siku nzima, na ninaomba sana jibu lako lifike kabla sijaonana naye.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza