Ndimu, magadi na mawese: tupeni vipimo, si majina ya vitu tu

Mhariri,

Kurasa za urembo na usafi wa nyumbani siku hizi zimejaa maelekezo ya kutumia vitu vya jikoni: paka ndimu, changanya magadi na siki, jisugue kwa sukari. Jambo lenyewe ni jema na ninaliunga mkono. Huku Kigoma chumvi ya Uvinza, mawese, ndimu, unga wa muhogo na majivu havikosekani majumbani, na asali na nta tunazipata kwa jirani zetu wa Tabora. Kinachokosekana katika maelekezo hayo ni kipimo, muda na sababu. Msomaji akiambiwa "weka magadi kidogo" hajui kidogo ni kiasi gani, wala hajui ni magadi yapi. Ndiyo maana naomba gazeti lenu lisichape maelekezo ya aina hii bila mambo hayo matatu, na barua hii niitumie kuonyesha kwa nini yana uzito.

Nianze na shombo, maana mji wetu unaishi kwa dagaa na migebuka. Harufu ile hutokana na kemikali iitwayo traimethilamini, ambayo ina tabia ya alkali, yaani kinyume cha tindikali. Ikikutana na tindikali hugeuka chumvi isiyopaa hewani, na pua haiinusi tena. Kwa hiyo utaratibu ndio kila kitu. Osha mikono kwanza kwa maji baridi, kwa kuwa maji ya moto hugandisha utomvu wa samaki kwenye ngozi na kwenye ubao. Kisha paka maji ya ndimu nusu, au kijiko kimoja cha supu cha siki, sugua hadi katikati ya vidole na chini ya kucha, subiri dakika mbili, suuza. Sabuni ije mwisho. Watu wengi huanza na sabuni, nayo sabuni ya mche ni alkali, kwa hiyo badala ya kuifunga harufu huifungulia. Mwenye mchubuko au kidonda mkononi aache ndimu kabisa.

Ubao wa kukatia samaki nao ni hivyo hivyo: maji baridi, kisha konzi ya chumvi na nusu ndimu ya kusugulia, uache dakika tano, suuza, halafu uoshe kwa sabuni na kuusimamisha juani ukauke pande zote mbili. Ubao uliolazwa chini hubaki na unyevu upande mmoja, na hapo ndipo ukungu huanzia. Ndimu na chumvi huondoa harufu tu. Kama ubao umekatiwa kuku mbichi, sabuni na maji mengi havina mbadala.

Sasa magadi. Dukani kuna vitu vitatu ambavyo maelekezo huvichanganya kana kwamba ni kimoja. Magadi ya mawe, yale ya kulainishia maharage na kisamvu, ni alkali kali. Yanafaa kuloweka matambara yenye grisi lakini hayafai kugusa ngozi ya mtu. Bekingi soda ni pole zaidi na ndiyo inayokusudiwa katika maelekezo mengi ya usafi. Bekingi pauda ni soda hiyo hiyo ambayo tayari imetiwa tindikali kavu na wanga ili keki iumuke. Kuinyunyiza kwenye sinki ni kupoteza fedha, kwa sababu ikiguswa na maji tu inamaliza nguvu yake yenyewe.

Hapo tunafika kwenye mchanganyiko unaopendwa kuliko wote, wa siki na bekingi soda. Povu lake linavutia macho, lakini ni gesi ya kabonidayoksaidi inayotoka huku tindikali na alkali zikiuana. Kijiko kimoja cha supu cha bekingi soda hutosha kuua karibu glasi nzima, mililita 200, ya siki ya kawaida yenye nguvu ya asilimia 5. Kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo, ambayo hayana nguvu ya siki wala ya soda. Tumia kimoja, suuza, ndipo utumie cha pili kama kuna haja. Na mtu asijaribu kuutia mchanganyiko huo katika chupa na kufunga kizibo kwa ajili ya kesho: kijiko hicho kimoja hutoa zaidi ya lita tatu za gesi, na chupa hupasuka.

Kitu cha kujiuliza kabla ya kuchukua ndimu au soda ni uchafu wenyewe ni wa namna gani. Maji ya Ziwa Tanganyika ni ya alkali, pH yake, yaani kipimo cha tindikali na alkali ambacho 7 ni katikati, hukaribia 9, na yana madini ya kalisi na magnesi. Ndiyo yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Ukoko huo ni alkali, kwa hiyo soda haiutikisi hata ukisugua mpaka jioni. Tia siki na maji kwa kiasi sawa, chemsha, epua, acha nusu saa, mwaga, kisha chemsha maji matupu mara moja na uyamwage kabla ya kupika chai. Asiye na siki akamue ndimu nne katika lita moja ya maji. Birika la aluminiamu lisilazwe na siki usiku kucha, maana tindikali italitoboa vishimo vidogo vidogo.

Aluminiamu inahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa sufuria zetu nyingi ni za madini hayo. Ule weusi unaotokea ndani ya sufuria baada ya kuchemsha maji ya ziwa, au maharage yenye magadi, ni kazi ya alkali juu ya aluminiamu. Ukiongeza soda au majivu ndani, unauzidisha. Dawa yake ni tindikali: lita moja ya maji na konzi ya ukwaju, au ndimu mbili zilizokatwa na maganda yake, chemsha dakika kumi hadi kumi na tano, mwaga, sugua kidogo kwa sabuni. Masizi ya nje ni habari nyingine. Hayo ni kaboni, hayayeyuki kwa ndimu wala kwa soda. Yanataka kusuguliwa kwa majivu laini yenye unyevu na kusuuzwa mara moja. Njia bora ni ile ya kupaka nje ya sufuria sabuni iliyoloweshwa au majivu yenye maji kabla ya kuiteleka juu ya kuni, ili masizi yakae juu ya tabaka hilo na kutoka nalo. Sufuria ya stili au ya bati la rangi iliyounguza chakula ndiyo inayofaa bekingi soda: vijiko viwili vya supu, maji ya kufunika palipoungua, chemsha dakika kumi, acha ipoe, kwangua kwa mwiko wa mti.

Doa la mawese kwenye nguo nyeupe huwakatisha tamaa wengi, wakaitupia jiki na kuiharibu nguo. Doa hilo ni vitu viwili, mafuta na rangi, na kila kimoja kina dawa yake. Nyunyiza unga mkavu wa muhogo, acha nusu saa unyonye mafuta, kung'uta. Paka sabuni ya mche, fikicha kwa maji ya uvuguvugu, rudia hadi utelezi uishe. Itabaki njano. Hiyo ni karotini, na karotini huvunjwa na mwanga. Anika nguo ikiwa bado mbichi, upande wa doa ukitazama jua, kwa saa kadhaa; ikikauka na njano bado ipo, ilowanishe tena. Pasi isiguse nguo hiyo kabla doa halijaisha.

Upande wa ngozi nakusihi, Mhariri, muwe wakali zaidi. Watu wanakimbilia jikoni kwa sababu ya kuogopa krimu zenye zebaki na haidrokwinoni, ambazo nchini mwetu zimepigwa marufuku, na wana haki ya kuogopa. Lakini kuwaambia wapake ndimu usoni ni kuwatoa kwenye hatari moja na kuwaingiza katika nyingine. Ndimu na limau zina kemikali ambazo zikiwa juu ya ngozi na jua likazipiga huiunguza. Madhara hayaonekani papo hapo. Wekundu na malengelenge hutokea siku moja au mbili baadaye, na mabaka meusi yanaweza kukaa miezi. Mtu anayetaka kuondoa madoa anaishia kuyaongeza. Hata mtoto aliyekamua ndimu akaenda kucheza juani anaweza kuungua mikono, kwa hiyo anawe kwa sabuni kwanza. Meno nayo yasisuguliwe kwa ndimu, kwa sababu tindikali hula gamba gumu la jino na gamba hilo halioti tena. Bekingi soda usoni pia si ya kupendekeza: ngozi yenye afya ina tindikali kidogo, pH ya karibu 5, nayo soda ina zaidi ya 8.

Kinachofaa ngozi bila mashaka ni mafuta na nta. Kwa midomo iliyokauka na visigino vilivyopasuka, pima gramu 20 za nta safi na gramu 80 za mafuta ya mise, yaani ya kokwa za chikichi, au ya alizeti. Mawese mekundu yatapaka shuka rangi, heri yabaki kwenye chakula. Weka vyote katika bakuli, bakuli likae ndani ya sufuria ya maji yanayochemka polepole. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, haihitaji moto wa moja kwa moja, na ikipata moto huo inaweza kuwaka. Dondosha tone moja kwenye kijiko kilichopoa: likiwa gumu mno ongeza mafuta, likiwa laini mno ongeza nta, kisha mimina kwenye vikopo vikavu. Nta ya Tabora inayouzwa ikiwa na takataka iyeyushwe kwanza katika maji kiasi sawa nayo, ichujwe kwa kitambaa na kuachwa ipoe usiku mzima. Itaganda juu kama sahani, na uchafu wa chini utaukwangua kwa kisu.

Mafuta hayo hukaa miezi kwa sababu hayana maji. Chochote ulichochanganya na maji, tango, parachichi au maziwa ni cha siku hiyo hiyo, kinachobaki kimwagwe. Asali yenyewe haiharibiki kirahisi, lakini ukiitia maji huchacha. Na mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja asipewe asali wala asipakwe mdomoni, kwa hatari ya sumu ya botulizimu.

Nywele zilizooshwa kwa sabuni ya mche na maji ya ziwa huwa nzito na zenye utando. Kijiko kimoja au viwili vya supu vya siki katika lita moja ya maji, kwa suuza ya mwisho, huuondoa. Fumba macho unapomimina.

Mwisho ni jambo ambalo kwa mkoa huu si la hiari. Siki na ndimu si dawa ya kipindupindu. Mwaka 2015 ugonjwa huo uliwaua watu Kagunga na kwenye kambi za wakimbizi, na ukirudi sakafu na choo vinataka klorini. Kwa jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5, soma lebo kwanza, sehemu moja kwa sehemu 16 za maji inatoa nguvu ya asilimia 0.2 inayofaa sakafu na vyombo vya mgonjwa. Itengenezwe upya kila siku. Isichanganywe kamwe na siki wala ndimu, maana hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu, wala isimwagwe kwenye choo chenye mkojo kabla ya kukimwagia maji mengi, kwa sababu huko pia huzuka gesi yenye sumu. Tena isiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Ibaki katika chupa yake na lebo yake, juu ya rafu ambayo mtoto haifikii.

Mwalimu wa sayansi kimu,
Ujiji, Kigoma