KUH: Malalamiko juu ya pikapu ya dizeli mliyoniuzia kwa kazi ya kuvuta tela zito

Katwe, Wilaya ya Kasese

Kwa Meneja wa Mauzo,
Yadi ya Nakawa, Kampala.

Ndugu Meneja,

Nakuandikia rasmi kulalamika kuhusu pikapu ya dizeli ya kabini mbili, ya mwaka 2012, yenye injini ya lita 3.0 yenye tabo (turbo, kifaa cha kuiongezea injini hewa na nguvu) na gia za mkono, ambayo niliinunua katika yadi yenu kwa shilingi milioni 68, sehemu kubwa ya fedha hizo ikiwa ni mkopo kutoka SACCO yetu hapa Katwe. Gari hilo mliniuzia mkiijua kazi iliyokuwa ikilisubiri, mkanihakikishia kwa maandishi kwamba linaiweza, nami nikalipa kwa kutegemea maneno yenu. Haliiwezi, na baadhi ya sababu zilikuwa zimepakwa rangi ili nisizione.

Kazi yenyewe niliwaeleza kabla sijatoa hata shilingi moja. Mimi huchukua chumvi ya mawe kutoka Ziwa Katwe na kuwapelekea wafugaji na wenye maduka ya dawa za mifugo wa Bushenyi na Mbarara. Tela langu ni la ekseli mbili, lina breki zake, na likishapakiwa uzito wake wote hufika tani 3. Kutoka Katwe tunakatiza mbuga hadi daraja la Katunguru, na baada ya hapo tunaukabili mlima wa Kichwamba, ambako barabara huliacha Bonde la Ufa na kupanda kona kwa kona kuelekea Rubirizi. Anayeifahamu njia hiyo anajua kwamba gari la kubahatisha haliendi nayo mbali. Yote hayo yamo katika ujumbe wa WhatsApp niliomtumia afisa wenu wa mauzo pamoja na picha za tela, na swali langu lilikuwa moja tu: kati ya pikapu zilizopo yadini, ni ipi ambayo mtengenezaji wake ameiruhusu kuvuta tani 3 zenye breki? Alinijibu kwamba hii ya lita 3.0 yenye tabo inavuta tani 3 na nusu bila wasiwasi wowote. Nakala ya jibu hilo nimeiambatanisha.

Kitabu cha mwongozo cha gari hili, ambacho nilikiomba siku ya kulipa nikaambiwa kingetafutwa, hatimaye nilikipata kwa fundi mwingine mwenye gari la aina hii hii. Kimeandika kwamba mwisho wa uzito wa tela ni kilo 2,500 ikiwa tela lina breki, na kilo 750 ikiwa halina. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mlinipa gari la kuvuta nusu tani zaidi ya kiwango chake, na afisa wenu alitaja kiwango ambacho mtengenezaji hajakitaja popote.

Naomba jambo hili lisichukuliwe kama ubishi wa tarakimu. Nguvu ya injini ni sehemu ndogo ya kazi ya kuvuta, na mtu anayeuza pikapu kila siku anapaswa kulijua hilo kuliko mimi. Injini yenye tabo inaweza kuliondoa tela la tani 3 mahali pa tambarare na dereva akaona mambo ni mazuri. Kinachoweka kikomo ni chasisi, springi za nyuma, breki, klachi, na uwezo wa rejeta kupoza injini ambayo inapanda mlima kwa gia ya pili huku upepo wa kuipoza ukiwa mdogo kwa sababu mwendo ni mdogo. Halafu kuna uzito ambao pua ya tela huukandamizia mkia wa gari. Mafundi wa matela hupendekeza uwe kadiri ya sehemu ya kumi ya uzito wa tela, maana ukipungua mno tela huanza kuyumba barabarani. Kwa tela langu hizo ni kilo 300, zinazokaa juu ya springi kabla hata sijaweka gunia moja kwenye bodi. Mtengenezaji anapoandika 2,500 amekwisha kuyapima hayo yote kwa pamoja, pamoja na kikomo cha uzito wa gari na tela vikiwa vimeunganishwa. Muuzaji hana mamlaka ya kuiongeza namba hiyo kwa mdomo.

Na siku hiyo hiyo yadini kwenu palikuwa na gari lililonifaa. Palikuwa na Land Cruiser ya pikapu, ile ya injini ya dizeli ya silinda 6 ya lita 4.2 isiyo na tabo, gari la aina ambayo mtengenezaji huiruhusu kuvuta hadi kilo 3,500. Nililiulizia. Afisa wenu aliniambia ni ghali, ni zito mlimani, na linakunywa mafuta, akanirudisha kwenye hili. Ni kweli kwamba injini isiyo na tabo hupanda polepole, lakini mimi sikuuliza habari ya mwendo. Chumvi ya mawe haiozi njiani, ikifika jioni badala ya adhuhuri hakuna anayepata hasara. Kama angeniambia ukweli kwamba gari lililo ndani ya uwezo wangu lina kikomo cha tani 2 na nusu, ningechagua mwenyewe kati ya kuongeza fedha na kupunguza mzigo. Nafasi hiyo ya kuchagua ndiyo mliyoninyang'anya.

Safari za mwanzo nilizifanya na mzigo mdogo, kwa kuwa kulikuwa na mvua na chumvi ilikuwa haba ziwani. Mara ya kwanza kupakia tela kamili, tulipoanza kupanda Kichwamba mshale wa joto ulianza kusogea, na kabla ya kufika juu ulikuwa umegusa alama nyekundu. Nilisimama pembeni, kijana wangu akaweka mawe nyuma ya magurudumu ya gari na ya tela, akakata matawi na kuyatandaza barabarani ili madereva watuone. Wakati anayaweka mawe aliniita nije nitazame. Chuma cha kuungia tela kilikuwa kimeinama upande wa kushoto, bolti moja imekatika, na mshono wa kulehemu ulikuwa na ufa ambao ungeweza kuingiza ukucha. Tela lilikuwa limebaki likishikiliwa na bolti moja na mnyororo wa usalama. Nyuma yetu kulikuwa na mteremko, na chini yake basi la abiria lilikuwa likipanda.

Fundi wa Ishaka aliyelivua gari hilo ameandika ripoti yenye picha, nayo mtaikuta pamoja na barua hii. Nawaomba muisome picha kwa picha, hasa zile za mkia wa chasisi. Chuma cha kuvutia tela, ambacho katika tangazo lenu mlikiita cha kazi nzito, hakikufungwa kwenye chasisi hata kidogo. Kililehemewa kwenye bampa la nyuma na kuongezewa bolti mbili zilizopita kwenye bati. Bampa halikutengenezwa kubeba kilo 300 wala kuvutwa na tani 3. Chuma kinachofaa hufungwa kwa bolti ngumu kwenye boriti zote mbili za chasisi, na huwa na kibao kilichoandikwa uzito wake wa mwisho. Hiki hakina kibao. Fundi alipokwangua rangi nyeusi ya mpira iliyopakwa chini ya gari, alikuta boriti ya kushoto ya chasisi, karibu na kishikio cha nyuma cha springi, ilikwisha kukatwa na kuungwa kwa kipande cha bati. Rangi hiyo ilikuwa mbichi kiasi kwamba ilitoka kwa bisibisi vipande vipande, wakati sehemu nyingine zote za chasisi zina rangi kuukuu ya kiwandani na matope ya miaka. Aliyeipaka alijua anachokificha.

Kuhusu injini nitasema kwa ufupi. Rejeta ilikuwa imeziba kwa udongo mkavu upande wa ndani, mahali pasipoonekana bila kuifungua, na feni yake ilikuwa inazunguka kwa ulegevu hata injini ikiwa ya moto. Mtu anayelipima gari tupu katika barabara za Nakawa hawezi kuona lolote katika hayo, kwa sababu hujitokeza pale tu mzigo na mlima vinapokutana. Nilipofika yadini asubuhi ile niliikuta injini imekwisha kuwashwa na kupashwa moto, ingawa nilikuwa nimeomba kwa simu niikute imelala, maana injini ya dizeli iliyochoka hujieleza yenyewe inapowashwa ikiwa baridi: inasita, inatoa moshi, inagonga. Wakati ule nilielezwa kwamba kuna mteja mwingine alikuwa ametangulia kuijaribu, nami nililipokea jibu hilo kwa nia njema.

Jambo la mwisho ni spidimita. Siku ya kununua ilisoma kilomita 98,000. Cheti cha ukaguzi uliofanywa kabla gari halijapakiwa melini, ambacho mlinitumia baadaye sana baada ya kuwaandikia mara kwa mara, kinaonyesha zaidi ya kilomita 200,000. Gari haliwezi kusafirishwa hadi Mombasa, likaingia Uganda, likasimama kwenye yadi, na kilomita zake zikapungua. Naomba maelezo ya maandishi kuhusu tofauti hiyo, yenye jina na cheo cha mtu aliyelipokea gari na tarehe aliyolipokea.

Nilipowapigia simu kutoka Ishaka niliambiwa kwamba risiti ina maneno yanayosema gari limeuzwa kama lilivyo, na kwamba kosa ni langu kwa kulitwisha gari mzigo mkubwa. Majibu hayo mawili hayawezi kukaa pamoja na ujumbe wa afisa wenu. Mzigo huo ndio ulioandikwa kwenu kabla ya mauzo, na ninyi ndio mliosema unabebeka. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 ya nchi yetu inatambua kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, na akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, bidhaa hiyo inapaswa kuifaa kazi hiyo. Ama maneno ya risiti, gari lilivyokuwa ndivyo hasa nilivyozuiliwa kuliona, kwa rangi na kwa spidimita.

Hasara yangu haikuishia kwenye matengenezo. Chumvi ya Katwe hutoka kwa wingi wakati wa kiangazi, jua linapoyakausha mabwawa, na mvua zikirudi kazi hupungua. Gari lilivunjika mwanzoni mwa kiangazi. Wateja wangu wa Mbarara hawakuweza kuwaacha ng'ombe bila chumvi wakinisubiri mimi, wakachukua kwa wengine, na siwalaumu. Mkopo wa SACCO nao haungoji msimu. Wanaume na wanawake wanaochimba chumvi na kuniamini niiuze kwa niaba yao walibaki na marundo yao kando ya ziwa wakiniuliza nitakuja lini, nami sikuwa na la kuwajibu.

Kwa hiyo ninadai kwamba kampuni yenu ilichukue gari hili na kunirudishia shilingi milioni 68 zote, pamoja na gharama ya kulivuta hadi Ishaka, gharama ya uchunguzi wa fundi, na kodi ya lori nililolazimika kukodi kuupakua mzigo pale mlimani, ambazo risiti zake nimeziambatanisha. Nitakuwa tayari kupokea gari jingine badala ya fedha ikiwa kiwango chake cha kuvuta, kwa kitabu cha mtengenezaji mwenyewe, si chini ya kilo 3,000 kwa tela lenye breki, chasisi yake imekaguliwa na fundi nitakayemchagua mimi kabla ya kupakwa chochote, na chuma chake cha kuvutia kimefungwa kwenye boriti za chasisi. Sitakubali pendekezo la kulilehemu upya hili na kunirudishia. Boriti ya chasisi iliyokatwa namna ile haivuti tena tela juu ya Kichwamba mbele ya magari ya watu, hata kama mzigo ni mdogo.

Nawataka pia mliondoe katika matangazo yenu dai la tani 3 na nusu kwa pikapu za aina hii. Juma lililopita nililiona bado lipo, chini ya gari jingine la mwaka na injini ile ile, likiwa na chuma cha nyuma ambacho kwa picha kinafanana kabisa na changu. Atakayelinunua huenda anavuta mashine ya kukoboa kahawa au mashua ya kuvulia samaki, na ana haki ya kuijua namba ya kweli kabla ya kulipa.

Nasubiri jibu lenu la maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Lisipofika, wakili wangu ataifikisha mahakamani pamoja na ujumbe, ripoti, picha na cheti nilivyovitaja. Gari lipo kwa fundi Ishaka, halijaguswa tangu lilipopigwa picha, na mtu yeyote mtakayemtuma kulikagua ataruhusiwa kufanya hivyo siku yoyote ya kazi mbele yangu.

Wenu,

Mnunuzi wa gari tajwa,
Mchukuzi wa chumvi, Katwe.