Kuhusu ile hesabu yako ya vifaru

Tanga

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi, na natumai nyote hapo Muscat mu wazima. Barua yako nimeipata. Unauliza, kama Waarabu wana watu na silaha nyingi kiasi hicho, iweje Israeli iwazidi? Mimi naona hesabu ya vifaru haitufikishi mbali.

Juni 1967 Misri haikukosa ndege. Ilikuwa nazo mamia, lakini asubuhi ya tarehe 5 nyingi zilichomwa zikiwa zimeegeshwa viwanjani, na jeshi lililokuwa Sinai, jangwa la Misri linalopakana na Israeli, likabaki bila kinga ya angani.

Oktoba 1973 ikawa zamu ya Israeli kushtukizwa. Ukingoni mwa Mfereji wa Suez, waliokuwa wameufikia walipoiteka Sinai 1967, walikuwa na ukuta wa mchanga, mahali pengine ukikaribia mita 20. Wamisri waliupiga kwa maji ya pampu zenye nguvu, mchanga ukaporomoka, na baada ya saa chache njia za kupitishia vifaru zikapatikana. Habari hii naipenda sana; jeshi lililodharauliwa lilikuwa limekaa kitako likafikiri. Hata hivyo, kabla vita havijaisha Israeli nayo ilivuka mfereji na kulizingira Jeshi la Tatu la Misri. Marekani na Wasovieti walikuwa wakimimina silaha kila mmoja kwa upande wake, hadi Marekani ikaweka majeshi yake ya nyuklia katika tahadhari. Dunia nzima ilikuwa hatarini, Salim.

Mpaka wa Misri na Israeli ulitulizwa na mkataba wao wa amani wa 1979. Misri ilirudishiwa Sinai, na ikakubali kuweka karibu na mfereji divisheni moja tu, askari wasiozidi 22,000. Kandokando ya mpaka, polisi. Israeli nayo upande wake ikaruhusiwa vikosi vinne vya askari wa miguu, bila vifaru. Hapo kumshtukiza jirani si rahisi.

Wapalestina hawakupewa haki yao katika mkataba huo, na kwangu hilo ndilo jeraha linaloendelea kuvuja damu Gaza.

Lakini ule mpango wa Sinai wa kuweka majeshi mbalimbali ulisaidia, ndiyo maana niliumia Desemba 2024, Assad, rais wa Syria, alipoanguka na majeshi ya Israeli yakaingia katika eneo la Golan, kati ya Syria na Israeli, lililotengwa tangu 1974 chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa. Mipaka ya namna hiyo ikivunjwa, kila upande unarudi kujihami kwa kuwahi kupiga.

Huko wanasemaje kuhusu Golan? Niandikie kwa urefu, na unisalimie mama watoto.

Nduguyo,
Hamisi