Jina la biashara mtandaoni halijengwi kwa wingi wa posti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumze na wajasiriamali wenzangu wa Unguja na Pemba, pamoja na wanaowafundisha, kuhusu ushauri unaorudiwa karibu katika kila semina ya biashara siku hizi: kwamba anayetaka kujulikana mtandaoni lazima aposti kila siku, na akiweza mara mbili au tatu kwa siku. Mimi ndiye ninayeandika oda za kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni za mwani hapa Pemba, na kwa kazi hiyo nashinda na simu mkononi nikiwajibu watu wa Chake Chake, wa Dar es Salaam na ndugu zetu walioko Maskati. Kwa ninavyoiona kazi hii, ushauri huo unawachosha watu bure, tena unawasahaulisha mambo ambayo mteja huyatazama kabla hajatoa fedha yake.

Tuanze na sabuni yenyewe. Sabuni inayokorogwa kwa mafuta ya nazi, kostiki soda na unga wa mwani bila kupikwa haiuzwi siku ya pili yake. Hukatwa vipande, ikapangwa kwenye kichanja mahali penye hewa kwa wiki 4 hadi 6 mpaka ikauke na ukali wake upungue. Sasa mwambie mama aliyeamka na bamvua kwenda kuvuna mwani, akarudi kuuanika, akapika chakula cha watoto wanaotoka skuli, kwamba jioni atafute picha mpya ya kuposti. Atapata wapi? Atapiga tena kichanja kile kile cha jana, au atachukua mtandaoni picha ya sabuni ya watu wengine. Wengi huishia kwenye hilo la pili, na hapo jina huanza kuharibika, kwa sababu mteja aliyeonyeshwa kipande cha kijani kilichokatwa kwa mashine akapokea cha kahawia kilichokatwa kwa kisu hatajisemea kuwa amepata kitu cha asili, ataona amedanganywa. Zaidi ya hayo picha ina mwenyewe, na Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki tangu mwaka 2003.

Muuza kahawa wa Mji Mkongwe hapigi kelele kutwa nzima. Hupita saa zake zile zile, kahawa yake ina ukali ule ule, na watu wa barazani hujua wakisikia vikombe kuwa ni yeye. Ningependelea ukurasa wa biashara unaopata posti moja kila Jumamosi kwa miaka miwili kuliko ule unaoposti mara tano kwa siku mwezi mzima wa Ramadhani, kisha ukanyamaza mpaka Ramadhani nyingine. Wenye nyumba ndogo za wageni za Paje, Jambiani na Nungwi nao wana maradhi haya. Masika yakiingia na wageni wakapungua, kurasa zao hulala. Ilhali mgeni anayekusudia kuja Julai huenda ameanza kutafuta pa kufikia mwezi wa Aprili, naye akikuta posti ya mwisho ni ya Februari na hakuna anayejibu, hudhani pamefungwa, akaenda kwa jirani.

Nitaambiwa kuwa mitandao yenyewe huwapendelea wanaoposti mara kwa mara. Kwa mchekeshaji au msanii ambaye kipato chake kinatokana na kutazamwa, hoja hiyo ina uzito na sina la kuipinga. Lakini kikundi ambacho sabuni zake za mwezi huu zinaenea kwenye makasha machache hakina haja ya kutazamwa na watu laki moja, maana hata wakiagiza hakitakuwa na cha kuwapa, na kila anayeambiwa "subiri mwezi ujao" baada ya kuvutwa na tangazo ni mtu aliyepotezwa. Kikundi hicho kinahitaji watu wale wale warudi, na warudipo wakute kila kitu kama walivyokiacha.

La kwanza wanalotakiwa kulikuta ni jina. Ni jambo la kushangaza namna tunavyolichezea. Utaona biashara moja ina jina moja kwenye karatasi ya kufungia, jina jengine kwenye Instagram, la tatu kwenye WhatsApp, na kwenye ramani ya Google imeandikwa kwa tahajia ambayo hata mwenye duka haijui. Mwenyewe akichoka na jina hulibadilisha tu, kwa kuwa simu inaruhusu, bila kufikiri kwamba jina la zamani likishaachwa mtu mwingine anaweza kulichukua na kuwapokea wateja wake. Katika utalii madhara ni makubwa zaidi. Muongoza watalii mwenye leseni ya Kamisheni ya Utalii anayejiita kwa jina la leseni huku, kwa jina la utani kule, na kwa jina la mchezaji wa mpira kwenye ukurasa wake, hampi mgeni njia yoyote ya kumtofautisha na papasi wa bandarini, yule anayewazonga wageni bila leseni. Kisha hulalamika kwamba mapapasi wanamnyang'anya kazi.

Hapo hapo niwakumbushe wenzangu wanaouza pande zote mbili za Muungano kuwa usajili wa alama za biashara haujaunganishwa. Huku kwetu unafanywa na BPRA, yaani wakala wa Zanzibar wa usajili wa biashara na mali, Tanzania Bara unafanywa na BRELA, wakala wao wa usajili wa biashara na leseni, na aliyesajili upande mmoja hajalindwa upande wa pili. Nembo inayoonekana kwenye simu ya mtu wa Tanga na wa Wete kwa wakati mmoja inastahili kufikiriwa pande zote mbili mapema, kabla haijawa maarufu na kuwatamanisha wengine.

Kuna jambo la laini za simu ambalo sijalisikia likifundishwa popote, nalo ndilo linaloua biashara nyingi kimya kimya. Vikundi vingi vya akina mama vilifunguliwa akaunti na kijana wa karibu, mtoto wa mwanachama au mwanafunzi aliyekuwa likizoni, na kijana huyo kwa nia njema kabisa akatumia laini yake na barua pepe yake. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, na laini zisizosajiliwa kuanza kufungwa mwezi Januari 2020, laini ni ya yule ambaye vidole vyake vimo. Akaunti ya WhatsApp hufuata namba. Kijana akipata kazi Dar es Salaam akaondoka, au akaacha kuitumia laini hiyo mpaka kampuni ya simu ikaifunga na baadaye kumpa mtu mwingine, kikundi hupoteza wateja wote kwa siku moja, na wateja nao huanza kujibiwa na mtu wasiyemjua. Nakijua kikundi kilichoanza upya kwa namna hiyo ilhali sabuni zake zilikuwa nzuri kuliko zetu. Laini isajiliwe kwa jina la mwanachama atakayekuwepo, uthibitishaji wa hatua mbili wa WhatsApp uwashwe, na tarakimu 6 za namba yake ya siri ziandikwe kwenye daftari la kikundi, si kwenye kichwa cha mtu mmoja.

Juu ya bei sitakuwa mpole. Desturi ya kuweka picha nzuri kisha kuandika "bei njoo inboksi" ni desturi mbaya, na aliyetufundisha alitukosea. Mteja wa marikiti ya Chake Chake akiuliza bei ya embe hujibiwa mbele za watu. Kwa nini wa mtandaoni avutwe pembeni? Wanaoitetea husema bei hubadilika, na kweli hubadilika, maana nazi hupanda na nauli ya mzigo kutoka Mkoani kwenda bandari ya Malindi, Unguja, nayo haitulii. Basi iandikwe bei pamoja na tarehe, na ikibadilika ielezwe sababu yake. Kinachofichwa inboksi mara nyingi ni kwamba kila mtu anatajiwa bei yake kwa kadiri anavyoonekana kuwa na uwezo, na wateja huzungumza: mke wa mtu Maskati akijua kuwa wifi yake wa Wete amepata kipande kile kile kwa nusu ya bei, mmewapoteza wote wawili. Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018 na isiyolipiwa, ina sehemu ya kuweka bidhaa na bei zake, saa za kazi, na majibu yaliyoandikwa tayari, ili hata wakijibu watu wawili tofauti mteja apate jibu moja. Wengi wanayo kwenye simu na hawajapata kuifungua sehemu hiyo, ila hutumia bando lao lote kwenye stetasi inayofutika baada ya saa 24.

Salamu za Ijumaa sina ugomvi nazo, na Idi lazima tupeane mkono. Hata hivyo nimepita kwenye kurasa za wauza halua ambazo ukishuka utakuta kadi za Ijumaa Karim zimefuatana kumi, kumi na tano, zote na nembo ya biashara pembeni, na halua yenyewe huioni. Mteja wa mbali anataka kujua kama inatumia samli au mafuta, inakaa muda gani, na kama inafungwa vizuri kwa safari. Posti moja inayojibu hayo kwa ukamilifu, ikabandikwa juu kabisa ya ukurasa, humfaa kuliko kadi zote hizo.

Na tuandike kama tunavyozungumza. Sauti ya ukurasa nayo ni sehemu ya jina, na inachekesha kumkuta bibi wa Micheweni mtandaoni akiwaita wateja kwa maneno ya mjini Dar es Salaam ambayo hajapata kuyatamka maishani mwake.

Kwa hiyo ombi langu kwa taasisi zinazoendesha mafunzo ya wajasiriamali, hasa huku Pemba ambako mafunzo huja kwa nadra na huisha haraka, ni kwamba siku ya kwanza isiwe ya kujifunza kupiga video. Kila kikundi kikae na karatasi moja kiandike jina lake kwa tahajia moja, namba moja na aliyeisajili, bei na tarehe yake, kiasi kinachoweza kutengenezwa kwa mwezi, na siku moja ya wiki ambayo kitaposti bila kukosa. Video zifuate siku ya pili. Na wewe, Ndugu Mhariri, ikiwa safu ya biashara ya gazeti lako ina nafasi, ingetufaa makala inayoeleza hatua za kusajili alama ya biashara BPRA na gharama zake za sasa, kwa Kiswahili ambacho mama wa Tumbe na wa Kiuyu wataweza kukisoma bila mkalimani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwandishi wa oda wa kikundi cha sabuni za mwani,
Chake Chake, Pemba.