Rasimu ya kozi ya meinfremu: naomba maoni kabla ya Ijumaa

Habari za jioni wenzangu. Rasimu nimeiweka hapo juu. Someni hasa sehemu ya vitendo, ndipo penye uzito.

Hatuna meinfremu (kompyuta kubwa za kuchakata miamala mingi, kama za benki) chuoni na hatuhitaji kununua. IBM Z Xplore, jukwaa la IBM la kujifunzia mtandaoni, ni bure: mwanafunzi anajisajili, anaingia kwenye z/OS halisi (mfumo endeshi wa meinfremu) kupitia VS Code (programu ya kuandikia msimbo), anatuma kazi yake ya JCL (lugha ya kuipa meinfremu maagizo ya kazi) na kusubiri matokeo. Akisahau koma mwishoni mwa mstari unaoendelea, kazi inagoma. Akirekebisha, anaona CC 0000, yaani kazi imekamilika bila hitilafu. Tumwache ahangaike hapo, ndiko kujifunza kwenyewe. Kozi ya COBOL, lugha ya programu inayotumika sana kwenye meinfremu, ya Open Mainframe Project (mradi wa programu huria za meinfremu) nayo ni bure.

Wanaouliza kwa nini tufundishe lugha ya 1959, tuwakumbushe Aprili 2020: gavana wa New Jersey, Marekani, aliomba hadharani wajuzi wa COBOL wajitolee, maana mifumo ya mafao ya waliopoteza kazi ilikuwa imezidiwa.

Msaada wa kampuni naupokea kwa mikono miwili. Watupe mitambo, wahandisi wa kuja kufundisha, na nafasi za mafunzo kazini. Ila mtihani na alama vibaki kwetu, na beji zao (vyeti vya kidijitali) zisichukue nafasi ya mtihani. Hapo sitalegeza.

Walimu wa hifadhidata, angalieni kama Db2 (mfumo wa hifadhidata wa IBM) inagongana na somo lenu la mwaka wa pili. Anayemfahamu mtu wa TEHAMA benki aniandikie pembeni. Maoni nafunga Ijumaa saa kumi jioni.