Naenda Dodoma na mguu wangu, wabunge wa Kusini naomba mnisome kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Mimi ni mama wa miaka 54, naishi Mingoyo hapa Lindi, nauza vitumbua asubuhi pale njia panda ya Masasi, na mguu wangu wa kushoto una matende tangu mwanangu wa mwisho ananyonya. Mwezi ujao naenda Dodoma kwenye mkutano wa wagonjwa, siku ya kwanza tunafundishana, siku ya pili tunakutana na wabunge, na kwa vile huku Kusini tupo wengi wenye shida hii na mpanda basi ni mimi peke yangu, nimeona niandike mapema ili wabunge wetu wajue ninachokuja nacho na wagonjwa wenzangu wajue naenda kuwasemea nini.

Kiukweli mwanzo nilijua kujiandaa ni nauli na nguo basi. Aliyenitoa tongotongo ni jirani yangu mwalimu mstaafu. Alinikalisha kwenye mkeka barazani kwake, yeye akajifanya mbunge, mjukuu wake akashika simu kuhesabu dakika tatu maana tumeambiwa kila mtu atapewa dakika tatu tu. Nikaanza kueleza, mguu ulivyoanza kuvimba nikadhani nimeumwa na mdudu, miaka mitatu naambiwa kwa waganga kwamba nimekanyaga kitu, nimetegwa, mbuzi tukauza wote wakaisha, nikafika pale watoto wangu walipokuwa wanachekwa shuleni kwa ajili yangu nikaanza kulia, na yule mtoto akasema bibi muda umeisha. Mwalimu akaniuliza taratibu, "Pole sana mama yangu, sasa unataka mimi mbunge nifanye nini?" Nikakaa kimya. Sikuwa nimewahi kujiuliza. Tangu siku hiyo kila jioni nikimaliza kuloweka mchele naenda barazani kwake tunarudia, na sasa ombi langu nalijua kama ninavyojua jina langu.

Kabla ya ombi naomba nieleze kidogo, maana mpaka leo kuna watu wanasema matende ni uchawi na busha ni kunywa madafu. Madafu hayana kosa. Anayeleta huu ugonjwa ni mbu, anabeba vijidudu vya minyoo kwa mtu huyu anapeleka kwa yule, minyoo ikikua inakaa kwenye mishipa ya limfu, ile inayopitisha maji ya mwili, inaweza kuishi humo miaka sita mpaka minane, na vitoto vyake vinatembea kwenye damu usiku, ndo maana wapimaji wanakuja usiku usiku kutoboa watu vidole mpaka wakaitwa wanyonya damu. Zile dawa za kumeza za kampeni, Mectizan na albendazole, zinaua hivyo vitoto mbu asipate cha kubeba. Mezeni jamani, hazimalizi nguvu za kiume wala hazifungi kizazi. Wenzetu wa Malawi, hapo tu ng'ambo ya Ziwa Nyasa, Shirika la Afya Duniani lilithibitisha mwaka 2020 kwamba wameutokomeza kama tatizo la afya ya jamii, na Togo waliwatangulia mwaka 2017. Kwa hiyo inawezekana.

Ila sasa, dawa ya kumeza hairudishi mguu ambao umeshavimba. Hapa ndo penye kilio changu. Kampeni ikija tunahesabiwa na sisi, tunapimwa urefu kwa ile fimbo ya kujua mtu ameze vidonge vingapi, tunameza, wanaondoka, na mguu wangu unabaki na mimi. Shirika la Afya Duniani linasema duniani tuko kama milioni 15 wenye viungo vilivyovimba kwa ugonjwa huu, na wanaume milioni 25 wenye mabusha, hawa wote wanahitaji huduma hata mbu wote wakifa leo.

Na huduma yenyewe sio ya ajabu. Nilifundishwa na mhudumu mmoja wa afya aliyekuja kijijini, nikimaliza kazi nachota maji baridi kwenye beseni, nausafisha mguu kwa sabuni ya kawaida kuanzia juu nikishuka, kila kikunjo, halafu katikati ya vidole napitisha kitambaa kidogo maana huko ndo vinajificha vidonda ambavyo huvioni, nasuuza, nakausha kwa kugandamiza sio kusugua, kukiwa na fangasi napaka dawa, nikilala mguu nauinua, kitanda changu nimekiwekea tofali upande wa miguuni. Kabla sijajua haya nilikuwa napigwa na homa ya mguu karibu kila mwezi, mitoki inavimba kwenye kinena, mguu unawaka kama umeuweka juani, siku nne tano sifanyi biashara. Wadudu wanaingilia kwenye vile vidonda vya vidoleni. Siku hizi naweza kumaliza mwaka mzima na homa moja au mbili. Lakini siku niliyoenda kwenye kituo kimoja cha afya nikiwa naungua hivyo nikaambiwa mguu huu hauna dawa mama, kameze panadol, na nilikuwa nahitaji antibayotiki. Aliyeniambia hakuwa na ubaya, hakufundishwa.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Kila zahanati ya ukanda wetu iwe na mtu aliyefundishwa kuhudumia mguu wa matende, na awe na sabuni, dawa ya fangasi na antibayotiki za kutupa tukipata homa, na hela yake iwe kwenye bajeti yetu wenyewe. Nasema yetu wenyewe kwa sababu kazi kubwa ya magonjwa haya ilikuwa inabebwa na wafadhili, na wote tuliona Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake mambo yalivyotikisika.

La pili linatoka humo humo. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Naomba kwenye huduma zinazolipiwa, matende na operesheni ya busha viandikwe kwa majina yake, mtu asibishane na mtu dirishani. Kaka yangu alitembea na busha miaka kumi na moja, anafunga msuli juu ya msuli, hasogei msikitini safu ya mbele, akaja kufanyiwa operesheni kwenye kambi ya bure na leo mikorosho yake anaipulizia dawa mwenyewe. Kaka yangu alibahatika kambi ilipita. Ambaye haikumpitia asubiri mpaka lini?

Waheshimiwa najua ninyi hamgawi sabuni. Zahanati ni za halmashauri, na diwani wangu nimeshamfuata nyumbani kwake mara mbili, amenisikiliza. Ninyi mna kipindi cha maswali asubuhi, mna swali la nyongeza, mna Kamati ya Afya, na bajeti ya wizara inapita mbele yenu kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai. Swali moja tu kwa waziri, zahanati ngapi za Lindi na Mtwara zina mtu aliyefundishwa kuhudumia matende, jibu lake likiandikwa kwenye taarifa rasmi za Bunge sisi tutakuwa na pa kushika.

Safari nimeipanga kwa ajili ya mguu. Kukaa na mguu chini kutwa nzima kunauvimbisha, kwa hiyo nitaenda na basi mpaka Dar, nilale kwa mdogo wangu Mbagala niupumzishe, kesho yake treni ya SGR mpaka Dodoma. Fundi wa makubazi Lindi mjini amenishonea pea yenye mkanda mpana unaofunguka, ni mara ya kwanza baada ya miaka mingi kuvaa pea inayofanana miguu yote. Binti yangu alitaka nivae dera refu lifunike. Nimemwambia hapana mwanangu, nitavaa gauni la kuishia chini ya goti, waheshimiwa wauone.

Na nina daftari. Wenye matende na mabusha wa Mingoyo, Mchinga, Rutamba, Mikindani na kwingine wananiletea majina, wengine wameniomba niandike herufi ya kwanza tu na nimeandika hivyo hivyo, pembeni naandika umri na mara ya mwisho walipohudumiwa. Kurasa zimebaki. Asiyeweza kutembea amtume mtoto, nipo njia panda kila siku mpaka saa nne asubuhi.

Mama wa vitumbua,
Mingoyo, Lindi